Midundo Tisa ya Koromea

Naapa kwa mkono wangu wa kushoto, huu wenye mshipa uliotuna kama kamba ya katani, kwamba haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Sikuyaokota barabarani wala sikuyasikia kwa mtu aliyeyasikia kwa mtu. Nimeyapata kwa mwenyewe yaliyomfika, rafiki yangu Mbelwa, aliyekuwa karani wa mizani katika shamba la katani kwa miaka thelathini na moja. Nasisitiza mapema ili tusije tukachanganyana: ni Mbelwa, si mimi. Ukipatikana humu uongo hata wa ukubwa wa punje ya ulezi, mkono huu uchukuliwe ufanywe utakavyofanywa, nami sitaurudisha nyuma.

Mbelwa hakuwa mtu wa kuamini upesi. Kazi ndiyo iliyomharibu. Alishaona lori likipanda kwenye mizani na mawe chini ya katani, na dereva akishuka na tasbihi mkononi. Alishaona matita yaliyolowekwa mtoni yakaletwa na hadithi ya mvua wakati mbingu zilikuwa kavu. Siku moja alipima mzigo mara mbili, uzito ukazidi asielewe, kumbe mbuzi wa msimamizi alikuwa amelala ukingoni mwa bamba la mizani, kwenye kivuli. Tangu hapo akawa na kanuni yake. Uzito ukimshangaza, hapigi mhuri wala hamwiti askari. Atafagia bamba, atashusha mzigo, ataupandisha tena, atapima mara ya pili. "Mizani haisemi uongo," aliwaambia madereva, "lakini haisemi yote."

Sasa mtu huyu, akiwa amestaafu zake, alianza kusikia baridi. Jua la Januari linapasua mabati, yeye yumo ndani ya sweta la sufu la rangi ya udongo, ambalo kifungo chake cha pili kilipotea na mahali pake pakafungwa fundo la kamba ya katani. Alisinzia tonge likiwa mkononi. Sauti ilimkwama kama bawaba isiyotiwa mafuta. Ngozi ya miguu ilimpauka hata akipaka mafuta ya nazi. Mkewe akamburura mpaka kituo cha afya, damu ikatolewa, ikapelekwa mjini, ikarudi ikiwa karatasi. Kwenye karatasi, mbele ya namba moja, palikuwa na mshale mwekundu umeelekea juu.

"Mzee, hiki ni kipimo kinachohusu tezi ya shingoni," akasema Tabibu Anyisile, binti mtulivu anayezungumza kama mtu anayemwaga maji polepole ili yasiruke. "Kimepanda. Lakini sipendi kukuanzishia dawa ya miaka na miaka kwa karatasi moja. Rudi baada ya wiki sita tupime tena, na safari hiyo tupime pia kile chenyewe tezi inachokitoa. Kuna kitu chochote unameza? Hata vitamini?"

"Maji tu," akasema Mbelwa.

Mfukoni mwake mlikuwa na kikopo cha vidonge vya nywele na kucha, mali ya binti yake. Alikuwa akimeza viwili kila alfajiri kwa ajili ya upara. Hilo hakuona kwamba linamhusu tabibu.

Katika maneno yote aliyoambiwa, aliondoka na moja: kimepanda. Akalitafuna njia nzima. Kama kimepanda, basi tezi yake inafanya kazi kupita kiasi, ni tezi hodari. Sasa hodari gani anayemtia mwenziwe baridi na usingizi? Palikuwa na mtu anadanganya. Ama tabibu, ama mashine ya mjini, ama ile damu yenyewe. Wiki sita zikapita, zikapita kumi. Nyumbani alisema amesharudi kupimwa na ameambiwa ni mzima. Karatasi aliikunja mara nne akaificha kwenye mfuko wa shati, na mfuko akaufunika kwa sweta.

Namna alivyofika Koromea tusiipotezee wino. Alifika.

Koromea ni nchi nyembamba. Juu yake upo mkoa wa Kichwani, zinakotoka amri zote, na chini yake upo mkoa wa Kifuani, wanakofanya kazi bila likizo. Kila kinachopita baina ya mikoa hiyo lazima kipite Koromea, iwe pumzi, chakula au habari, na kwa sababu hiyo wenyeji hujiona wakubwa kuliko upana wa nchi yao. Katikati kuna jiko moja la taifa, lililojengwa kwa mbawa mbili kama kipepeo aliyetua. Sheria inakataza nyumba yoyote kuwasha moto wake. Kila asubuhi kila mwenye nyumba hupeleka chungu jikoni akatiwe makaa, na kwa makaa hayo watu huamka, hutembea, hucheka, na hukumbuka majina ya watoto wao. Kilimani, mpakani na Kichwani, hukaa Mpiga Ngoma. Hashuki, na hapandiwi. Hupiga tu.

Mlangoni mwa nchi alikaa kijana mwenye kofia na visahani viwili vya wino.

"Shikamoo mzee," akasema. "Una mshale?"

"Marahaba. Mshale wa nini?"

"Kila mtu ana mshale. Wa juu au wa chini. Mimi ndiye Afisa Mishale."

"Na aliye katikati?"

"Katikati hakuna mshale, kwa hiyo hatukununua wino wake. Leta karatasi."

"Karatasi ipi?"

"Hiyo iliyo mfukoni, mzee wangu, chini ya sweta."

Mbelwa akamtazama kwa muda. Mtu anayejua kilicho chini ya sweta lako kabla hujamwambia, ama ni mchawi ama ameshapokea wengi kama wewe. Akaitoa. Kijana akaikunjua, akautazama mshale tu, asisome namba wala jina, akamchora Mbelwa kifuani mshale mwekundu wa juu.

"Umemeza nini leo?"

"Maji tu."

Kijana akaandika "maji" bila kuinua uso, na jinsi alivyoliandika, taratibu, kama mtu anayefunika chungu, Mbelwa hakuipenda. "Karibu Koromea," akasema. "Wewe wa juu utateremshwa. Kila siku saa sita mchana wa mishale ya juu humwagiwa ndoo moja ya maji ya baridi. Ni sheria, si ubaya."

Mjini Mbelwa aliona mambo ambayo karani wa mizani hawezi kuyaacha bila kuyaandika. Ilikuwa saa nne ya asubuhi na watu walitembea wamejifunika mablanketi. Mpiga mbiu alianza tangazo, akasinzia katikati ya neno, na wasikilizaji wakangoja kwa adabu hadi alipoamka akalimalizia. Wanawake wawili walisalimiana, mmoja akauliza habari za watoto, mwenziwe akafikiri sana, akasema, "Nadhani ninao." Na bado kila aliyemuuliza habari za nchi alijibu neno moja: "Joto."

"Joto lipi?" akauliza Mbelwa, meno yakigongana.

"Husikii ngoma? Leo imelia mara tisa. Joto limetuzidi."

Kwenye jumba la Baraza, Bodi ya Midundo ilikuwa katika kikao chake cha kila siku. Mwenyekiti wake, aitwaye Mkuu wa Midundo, alikuwa mtu mnene mwenye upole wa kutisha, mwenye mablanketi matatu na upepeo mkononi. Alijipepea huku anatetemeka. Ukutani palikuwa na sheria, iliyoandikwa kwa herufi za mkono: ngoma halali ni kuanzia nusu mdundo hadi midundo minne kwa siku. Mbelwa akanong'ona kwa jirani yake, nusu mdundo ni nini. Akaambiwa ni pale mpigaji anapoigusa ngozi ya ngoma kwa kidole halafu akaghairi. Bodi ilikuwa na karani anayesikiliza hilo.

"Waheshimiwa," akasema Mkuu. "Juzi midundo sita. Tukamwaga maji jikoni. Jana saba, tukamwaga zaidi. Leo tisa. Mnaona wenyewe uhalifu wa moto ulivyo. Tunaushusha, unapanda."

"Hatumwagi vya kutosha," akasema mmoja wa kundi la Wamwagaji.

"Kumwaga ni kuchokoza," akajibu mzee wa kundi la Wazibaji, ambao walikuwa na pamba masikioni na hivyo walijibu kwa kukisia. "Mimi nilizibwa mwaka juzi. Tangu hapo sijasikia mdundo hata mmoja. Nimepona."

"Umepona, na miguu yako mbona imevimba?"

"Unasemaje?"

Mwanamke mmoja mwenye kapu la mwani mkavu akapata nafasi. Alidai kijiko kimoja cha mwani kwa kila mdundo kingemaliza kila kitu, kwa kuwa mwani hutoka baharini na bahari haina tezi. Baadhi wakapiga makofi. Halafu akaitwa karani msikilizaji wa upande wa magharibi, kijana aliyepaka nywele mafuta mpaka yakamtiririkia masikioni, naye akaapa kwamba leo amesikia midundo miwili tu, si tisa. Kikao kikavurugika. Wa mashariki kasikia tisa, wa magharibi mbili. Hakuna aliyemwambia kijana asafishe masikio. Mbelwa, aliyekuwa na kikopo chake mfukoni, ndiye aliyetambua kwamba mafuta ya nywele ndiyo yaliyomdanganya msikilizaji, akatazama pembeni.

Hatimaye Mkuu akagonga meza. "Kwa kuwa kuna ubishi, tutachukua hatua kali, ili ubishi uishe. Kesho saa sita mchana jiko litazimwa kabisa, litajengewa ukuta, na mchochea moto wake, Bi Mafiga, ataondolewa kwa kosa la bidii. Wageni wenye mishale ya juu watamwagiwa ndoo saba badala ya moja, kwa niaba ya taifa."

Ndoo saba. Mbelwa akahesabu mbavu zake kwa vidole, kupitia sweta. Kumbe ndivyo. Kwanza mshale, kisha ndoo. Alijua tangu mlangoni kwamba yule kijana hakumwita mzee wangu bure.

Aliondoka kikaoni na akili moja: kumfuata huyo Bi Mafiga na kumnasa. Kwani ni nani anayefaidika na moto kama si mwenye jiko? Miaka thelathini na moja ilimfundisha kwamba uzito ukizidi, anza na aliyepakia.

Alimkuta mama wa makamo, kanga mbili kiunoni, uso una majivu, anasukuma kuni mbichi kwenye tanuri lililokuwa linakohoa moshi kuliko moto. Mbawa ya kulia ya jiko ilikuwa imepasuka ukuta. Mawe ya ukubwa wa ngumi yalitapakaa sakafuni.

"Hodi."

"Karibu baba. Samahani, chungu chako sikukiona. Leta, ila makaa ni machache."

"Sikuja kwa makaa. Nimekuja kuona unayaficha wapi."

Bi Mafiga akacheka, kicheko kifupi, cha mtu asiye na kuni za kukichochea. "Tafuta."

Akatafuta. Alipekua magunia, akagonga kuta akisikiliza kama zina uwazi, akainua kila kifuniko. Alipata majivu, panya mmoja aliyelala, na mawe. "Na haya mawe?"

"Ya walinzi wetu. Walinzi wa nchi, baba, si wageni. Kuna mtu aliwaambia kwamba jiko ni adui. Nani, hata wenyewe hawajui. Basi kila siku saa nne hupanga mstari wakarusha, na wakimaliza huja kuniomba uji."

"Nawe unawapa?"

"Wana njaa."

Mbelwa alikaa kwenye figa moja. Hapo mazoea yakamshika. Hakuuliza swali jingine. Alichukua chungu cha nyumba ya kwanza mlangoni, akamwaga makaa sakafuni, akayahesabu. Saba. Chungu cha pili, saba. Cha tatu, sita na kipande. "Kwa kawaida kila nyumba hupata mangapi?"

"Zamani, kumi na mawili hadi ishirini na mawili. Hiyo sheria haiko ukutani, kwa hiyo hakuna anayeikumbuka."

"Makaa yamepungua, lakini ngoma imezidi."

"Eeh."

"Hapo pana uongo. Kama moto ni mdogo, ngoma ingelala."

Bi Mafiga akaweka kijiti chini, akamtazama kwa huruma ambayo Mbelwa aliishuku mara moja. "Baba, una watoto?"

"Ninao."

"Ukimwita mtoto akaja, unamwita tena?"

"La."

"Na asipokuja?"

Mbelwa akageuza uso kuelekea kilimani, inakolia ngoma.

"Yule wa kilimani hawaarifu watu kwamba moto ni mwingi," akasema Bi Mafiga. "Ananiita mimi. Ananiambia chochea. Moto ukiwa wa kutosha, hunyamaza, hata anagusa ngozi kwa kidole tu. Moto ukipungua, hupiga. Wakimwaga maji, moto unapungua zaidi, naye anapiga zaidi. Nikiwapigia kelele wanasema, sikia anavyojitetea. Kesho wakilizima, atapiga mpaka mikono imtoke damu, nao watasema joto limefika mbinguni."

Nje mtu alipiga miayo mirefu, akajibiwa na mwingine ng'ambo ya barabara.

Mbelwa aliingiza mkono kwenye ule mfuko wa shati, akaikunjua karatasi aliyorudishiwa mlangoni. Mshale wa juu. Akaitazama kama mtu anayetazama picha ya harusi akagundua nani alisimama nyuma. Haikusema tezi yake ni hodari. Ilikuwa ngoma inayomwita mvivu, au mgonjwa, au aliyerushiwa mawe. Na tabibu alitaka kumwaga makaa sakafuni ayahesabu, ndiyo maana alisema safari ijayo tupime na kile chenyewe.

"Huenda ni hivyo," akasema kwa sauti ile ya bawaba. "Huenda sivyo. Karatasi moja ni shahidi mmoja."

"Basi kesho kaseme hivyo barazani. Mimi hawanisikilizi."

"Nao watanisikiliza mimi kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ni mgeni. Huku mwenyeji akisema kweli huitwa mchokozi. Mgeni akiisema huitwa mtaalamu."

Siku ya pili, karibu na saa sita, uwanja ulijaa. Ndoo zilipangwa safu, mafundi wa ukuta wameshika miiko ya uashi, Bi Mafiga amesimamishwa katikati bila kanga ya pili, anatetemeka, na juu ya mlima ngoma inalia, moja, mbili, mpaka tisa, kisha ikaendelea kumi, kumi na moja. Watu wakafuta majasho ambayo hawakuwa nayo.

"Kuna mwenye neno?" akauliza Mkuu, kwa namna ya mtu anayefunga mlango.

"Ninalo," akasema Mbelwa.

Akasimama na mshale wake kifuani. Akawaeleza habari za mbuzi wa msimamizi aliyelala ukingoni mwa bamba. Akawaeleza kwamba kila uzito una sababu tatu au nne, na aliye mwepesi wa mhuri humfunga dereva kwa kosa la mbuzi. Akamwomba karani wa magharibi afute mafuta masikioni, kijana akafuta, akasikiliza, akapauka, akasema, "Kumi na moja." Akaleta vyungu vitatu, akamwaga makaa mbele ya Bodi, akahesabu kwa sauti. Saba, saba, sita na kipande.

"Ngoma ni namba moja," akasema. "Makaa ni namba ya pili. Zisomeni pamoja. Ngoma juu na makaa chini, huyu mama anahitaji kuni, hahitaji maji. Na kama hamniamini, msiniamini, mimi mwenyewe sijiamini. Ila msizime. Mpumzisheni, wazuieni walinzi mawe, halafu hesabuni tena ngoma na makaa baada ya wiki sita. Mambo haya yakiwa vilevile, mleteeni magogo."

Watu wakanong'onezana. Hata Wazibaji wawili walitoa pamba. Mkuu akajipepea, akatetemeka, akamtazama Mbelwa kwa ule upole wake.

"Umesema vizuri, mzee wa mizani. Koromea ina sheria moja ambayo hukuisoma, kwa kuwa iko nyuma ya mlango. Anayedai jambo lipimwe mara ya pili, sharti awe yeye mwenyewe amepimwa mara ya pili. Vinginevyo ni mchuuzi wa maneno, na maneno yake humwagwa pamoja na maji. Una karatasi ya kwanza, tumeiona mlangoni. Wiki sita zilipokwisha, ulirudi?"

Ndoo ya kwanza ilikuwa tayari imeinuliwa, Bi Mafiga anaitazama. Mpiga Ngoma naye kama alisimamisha mkono hewani.

Mbelwa akainua kidevu. "Nilirudi," akasema kwa sauti ya kishujaa. "Wiki sita hazikuzidi hata kwa siku moja." Uwanja ukalipuka kwa shangwe, ndoo zikamwagwa mtaroni, wakambeba Bi Mafiga juu juu hadi jikoni, na Mbelwa akavikwa

Hapa kalamu ilisimama, kwa sababu mtu alikuwa ameishika ncha.

Bi Mwantumu, mke wangu, alikuwa amekuja na chai ya tangawizi. Nami sikumsikia, maana nilisinzia kidogo kwenye neno "akavikwa". Alikuwa amesoma daftari kutoka kiapo hadi hapo, akiwa amesimama nyuma yangu.

"Huyu Mbelwa ni nani?"

"Rafiki yangu. Wa kazini. Humjui."

"Miaka arobaini na miwili nakaa nawe, na una rafiki nisiyemjua anayevaa sweta lenye kifungo cha kamba ya katani."

Nikaweka kiganja juu ya kifungo cha pili. "Katani ni nyingi nchi hii."

"Hilo fundo nililifunga mimi, Kiondo. Na vidonge vya nywele vya Stumai? Mtoto anavitafuta tangu mfungo wa Ramadhani, akanishuku mimi, mama yake."

"Jina tu ndilo nililobadilisha," nikasema. "Mengine yote ni kweli. Koromea ipo."

"Sijasema haipo. Nimeuliza hilo alilouliza Mkuu. Ulirudi?"

Nikainywa chai. Ilikuwa moto, na mimi baridi.

"Uliniambia ulirudi," akasema. "Uliniambia tabibu kasema u mzima. Nikakuchinjia kuku. Ukasinzia na paja la kuku mkononi."

"Nilikuwa nimechoka."

"Na yule mama wa watu umemwacha uwanjani. Ndoo imeinuliwa, wewe unampa jibu la uongo limwokoe. Litamwokoaje?"

Hilo ndilo lililonikata. Kwani ni kweli, nilijua tangu nilipoliandika. Nilikwisha kuiona ile ndoo ikirudi juu.

Bi Mwantumu akarudi ukurasa wa kwanza, akaweka kidole. "Umeapa kwa mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Wa kushoto. Ulidhani kiapo cha kushoto hakishiki."

Nilidhani hivyo, ndiyo.

"Vaa viatu," akasema.

Tabibu Anyisile alitazama tarehe kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakunigombeza. Alihesabu wiki kwa vidole, akafika kumi na saba, akaanza vidole upya. "Shikamoo mzee. Na lile swali langu la vidonge?"

Kabla sijasema maji, Bi Mwantumu aliweka kikopo mezani. Tabibu akasoma maandishi ya pembeni.

"Hivi vinaweza kumdanganya mpimaji, mzee. Ilibidi uviache siku kadhaa kwanza. Basi itabidi uje siku nyingine."

Nikasimama haraka kuliko nilivyosimama mwaka huu wote.

"Kaa," akasema Bi Mwantumu, akakigeuza kikopo juu chini. Hakikutoka kitu. "Viliisha wiki mbili zilizopita. Ameacha kwa kuwa viliisha, si kwa kuwa ametubu."

Nikakaa. Tabibu akaandika vipimo viwili safari hii, kile cha ngoma na kile cha makaa, ingawa yeye aliviita majina mengine, akaongeza na cha tatu, cha kutazama kama walinzi wangu wanalirushia jiko mawe. Akasema tutasoma vyote pamoja, na asingeahidi neno kabla. Nikamtazama kwa shaka, sikupata pa kuishikiza.

Nilifungua lile fundo la katani mwenyewe, nikavua sweta, nikakunja mkono wa shati. Mpira ukabana, mshipa ukatuna. Mpimaji akatafuta mahali, akapata. Bi Mwantumu hakunitazama mimi. Alitazama damu inavyopanda kwenye kichupa, kisha akasema taratibu, kama karani anayemsomea dereva uzito wake:

"Mara ya pili."

Mkono sikuurudisha nyuma.